Si kila maradhi ya nyuma ni bawasiri

Naomba radhi mapema kwa wazee wangu na kwa wale wanaofungua ukurasa huu wakiwa mezani. Mada ya leo ni maradhi ya sehemu ya haja kubwa. Najua wapo watakaoufunga ukurasa hapo hapo, na hao ndio hasa niliowakusudia, kwa sababu mtu asiyetaka hata kuisoma habari hii ndiye atakayekaa na usaha kwenye nguo miaka mitatu bila kumwambia mkewe.

Mimi si daktari. Kazi yangu hapa Marekani ni ya karatasi. Daktari akishamwona mgonjwa na kuandika aliyoyaona, faili linakuja kwetu, nasi tunayageuza maneno yake kuwa namba ambazo kampuni ya bima inazisoma. Wenyewe tunaiita kodingi, na namba zenyewe ni misimbo. Kwa mtu anayeshinda na mafaili namna hii, kuna neno moja la Kiswahili linalokera kuliko yote, nalo ni "bawasiri".

Tumelifanya neno hili kuwa kapu. Kinachowasha huko nyuma, bawasiri. Kinachotoa damu, bawasiri. Jipu, mpasuko, kinyama, tundu linalotoa usaha, vyote bawasiri, na dawa yake iko kwa mzee fulani Kariakoo au kwenye chupa aliyokuja nayo mgeni kutoka Mombasa. Bawasiri yenyewe ni mishipa ya damu iliyovimba. Ni maradhi ya kweli na yana tiba yake. Lakini lile tundu linalotoa usaha si mshipa uliovimba, na tukilitia katika kapu hilo hilo tunamponza mgonjwa mara mbili, kwanza mwilini, halafu kwenye bili.

Jina lake Kiswahili kinalo. Ni nasuri. Limetoka kwenye Kiarabu kama lilivyotoka hilo bawasiri, na ndugu zetu walioko Muscat wakilisikia hospitalini wanalitambua bila kufasiriwa. Wengine wengi tumelisahau, tukabaki na neno fistula, na hapo linaanza balaa jingine ambalo nitalifikia.

Nasuri inaanzaje? Ndani ya mfereji wa haja kubwa, kama sentimita mbili kutoka mlangoni, mna vitezi vidogo. Kimoja kikiziba na vijidudu vikaingia, hutunga usaha. Usaha haukubali kukaa, hutafuta pa kutokea, na hutokea kama jipu pembeni ya mlango. Jipu likapasuka lenyewe au likapasuliwa, mtu anapata nafuu, anasema alhamdulillahi yamekwisha. Kwa wengi huwa yamekwisha kweli. Kwa wengine, na vitabu hutaja kuanzia theluthi moja hadi nusu, inabaki njia mfano wa handaki jembamba kutoka ndani hadi kwenye ngozi ya nje. Handaki hilo ndilo nasuri. Mdomo wake wa nje unaziba, usaha unajaa, maumivu yanapanda. Kisha mdomo unafunguka, usaha unatoka, maumivu yanashuka. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, inarudi tena. Kila mara inapojifunga, mgonjwa anaamini kwamba ile dawa ya kupaka sasa imeshika, anaagiza chupa nyingine.

Haijashika. Dawa ya kupaka haifiki mwisho wa handaki, na vidonge vya kuua vijidudu peke yake havilifungi. Kinachosikitisha ni kwamba nasuri iliyo nyepesi ni moja ya maradhi machache ambayo mpasuaji akiyagusa mara moja, kwa muda mfupi, mara nyingi yanakwisha. Hupitisha kijiti chembamba cha chuma ndani ya handaki, akalikata paa lake, akaliacha wazi lijae nyama kutoka chini. Mgonjwa kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda huchukua wiki kadhaa, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu ni wajibu wa kila siku, lakini zaidi ya asilimia 90 ya walio na nasuri nyepesi hupona. Mtu amebeba boksi ghalani usiku kucha, miaka mitatu, amefunga kitambaa ndani ya suruali, kwa ugonjwa wa namna hiyo.

Sasa hiyo nyepesi inajulikanaje? Hapa nawasifu madaktari wa zamani. Kwa nasuri nyepesi, daktari mwenye subira hujua karibu kila kitu kwa masikio, macho na kidole. Anauliza kwanza. Uliwahi kupata jipu hapo? Lilipasuka lenyewe au lilipasuliwa? Majimaji yanatoka kila siku au yanakatika na kurudi? Umekuwa ukiharisha damu, kupungua uzito, kutoka jasho usiku? Halafu mgonjwa analala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Nje kunaonekana kijitundu, au kinundu kidogo chekundu ambacho kikiminywa kinatoa tone la usaha. Kidole kikipita juu ya ngozi kinakuta kitu kama uzi mgumu unaoelekea ndani. Kisha kidole ndani, kisha kimrija kifupi chenye taa cha kuangalia mdomo wa ndani uko wapi. Ikiwa maumivu ni makali mno, hayo yote huahirishwa yakafanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na hapo daktari anaweza kupuliza dawa ya povu kupitia mdomo wa nje aone mapovu yanatokea wapi ndani.

Katika hospitali ya St Mark's ya London, alikuwapo mpasuaji aliyeitwa David Goodsall ambaye mwaka 1900 aliandika kanuni inayofundishwa mpaka leo. Chora akilini mstari unaolikata tundu la haja kubwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mdomo wa nje wa nasuri ukiwa upande wa mbele wa mstari, handaki kwa kawaida huenda moja kwa moja ndani. Ukiwa upande wa nyuma, handaki hupinda hadi katikati kwa nyuma. Kanuni haishiki kila mara, hasa mdomo ukiwa mbali na mlango, lakini humpa daktari pa kuanzia. Miaka 76 baadaye mpasuaji mwingine wa hospitali hiyo hiyo, Alan Parks, alizigawa nasuri katika aina nne kwa kuangalia jinsi handaki linavyopita kwenye misuli inayobana haja. Misuli hiyo ndiyo roho ya jambo zima. Ukikata kidogo, mtu anapona. Ukikata sana, mtu anapona nasuri halafu haja inamtoka bila hiari, na hapo umemtoa shimoni umemtia kisimani.

Kwa hiyo nasuri huitwa nyepesi ikiwa ina handaki moja, halipiti kwenye misuli au linapita kwenye sehemu yake ndogo ya chini, haijawahi kupasuliwa ikarudi, na mgonjwa hana shida ya kuzuia haja wala maradhi mengine yaliyoileta. Ikikosa moja kati ya hayo, madaktari wengi huihesabu kuwa tata. Mwanamke mwenye nasuri upande wa mbele hahesabiwi kuwa na nasuri nyepesi hata kama inaonekana fupi, kwa sababu misuli upande huo kwake ni myembamba. Iliyo tata ndiyo inayotaka picha ya MRI, ndiyo inayotaka kufungwa uzi wa kuchuja usaha na upasuaji wa awamu. Nimeona wenzetu wakidai MRI kabla daktari hajagusa chochote, kwa imani kwamba mashine kubwa ndiyo tiba ya kweli. Kwa nasuri nyepesi mara nyingi ni kujiongezea bili.

Lakini lipo jambo moja la kwetu ambalo daktari wa hapa anaweza asiliwazie. Kifua kikuu kinaweza kukaa huko pia, kikatoa tundu lenye usaha kama nasuri ya kawaida. Anayetoka katika nchi ambako TB ni ya kawaida na amlete daktari kwenye wazo hilo, aseme ametoka wapi, aliishi na nani aliyekohoa, ili kipande cha nyama kipelekwe maabara. Upo pia ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn, ambao huanza kwa nasuri kwa baadhi ya watu. Ndiyo maana maswali yale ya kuharisha na kupungua uzito si ya kupoteza wakati.

Nikitoka kidogo nje ya mada, wanaodhani hili ni gonjwa la watu wachafu wamkumbuke mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Alipasuliwa nasuri Versailles tarehe 18 Novemba 1686 na mpasuaji wake Charles-François Félix, aliyekuwa amefanya majaribio kwa wagonjwa maskini kwanza, na alipopona likawa jambo la kujivunia pale ikulu. Charles Dickens naye alipasuliwa London mwaka 1841, kabla dawa za usingizi hazijaanza kutumika kwa upasuaji, na aliyempasua, Frederick Salmon, ndiye aliyekuwa ameanzisha ile hospitali ya St Mark's mwaka 1835 kwa ajili ya maskini wenye nasuri. Mfalme hakuona haya, mwandishi hakuona haya. Haya tunaona sisi.

Turudi kwenye karatasi zangu, maana huko ndiko aibu inakogeuka kuwa deni.

Katika orodha ya kimataifa ya maradhi, toleo la kumi, ambayo Marekani inaitumia kwa nakala yake yenyewe, bawasiri ni K64. Jipu la sehemu hiyo ni K61. Mpasuko wa ngozi ya ndani umo K60, na nasuri imo K60 hiyo hiyo lakini mbele kidogo. Ikiwa mdomo wa ndani uko kwenye mfereji wa haja kubwa, ni K60.3. Ukiwa juu zaidi, kwenye puru, yaani ule mfuko wa mwisho wa utumbo ambamo kinyesi hukaa kikisubiri kutoka, ni K60.4. Zikihusika sehemu zote mbili ni K60.5. Madaktari wenyewe huyachanganya haya wakisema kwa mdomo. Nasuri nyingi ni za mfereji, lakini utamsikia mtu akisema ya puru kwa sababu tu iko maeneo hayo. Mweka misimbo hana ruhusa ya kusahihisha kwa kukisia. Kilichoandikwa ndicho kinachosomwa.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Hadi mwisho wa Septemba 2015 hapa Marekani tulitumia toleo la tisa, na nasuri ya mfereji, ya puru na ya zote mbili zilitumbukizwa pamoja katika namba 565.1. Toleo la kumi likazitenganisha. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024 zikaongezwa tarakimu, na sasa daktari anatakiwa aseme mambo matatu. Iko wapi, ni nyepesi au tata, na ndiyo mara ya kwanza, au haijapona tangu ilipotibiwa, au ilipona ikarudi. Nasuri nyepesi ya puru kwa mara ya kwanza ni K60.411. Ile isiyopona ni K60.412. Iliyorudi ni K60.413. Daktari akisema nyepesi tu akanyamaza, inakuwa K60.419. Asiposema hata kama ni nyepesi, tunaishia K60.40, ambayo kwa lugha ya mtaani ni "ana nasuri ya puru, mengine Mungu anajua".

Sisemi kwamba kila tarakimu inabadilisha bei. Haibadilishi. Ila namba ya ugonjwa lazima iendane na namba ya kazi iliyofanyika. Upasuaji wa nasuri una orodha yake nyingine: 46270 kwa ile iliyo chini ya ngozi tu, 46275 kwa iliyo kati ya misuli, 46280 kwa iliyopita ndani ya misuli au zilizo nyingi. Sasa chukua faili ambalo ziara ya kwanza iliandikwa bawasiri, ya pili bawasiri, ya tatu "inashukiwa kuwa nasuri", halafu ghafla upasuaji wa nasuri. Hilo neno "inashukiwa" halina thamani kwetu. Kwa mgonjwa wa nje asiyelazwa, kanuni za Marekani zinakataza kuweka msimbo wa ugonjwa unaoshukiwa. Tunaweka dalili tu, maumivu au majimaji yanayotoka. Mashine ya bima inaona bawasiri, bawasiri, maumivu, kisu. Inauliza kisu cha nini? Barua ya kukataa inachapishwa, na aliyepasuliwa ndiye anayeipokea, akiwa bado anakalia beseni.

Na faili la namna hiyo linaanzia wapi? Mara nyingi linaanzia kwa mkalimani wa familia. Mjomba amefika, Kiingereza chake si kirefu, mpwa amechukua nusu siku kazini ampeleke. Ndani ya chumba cha daktari mjomba anamwambia mpwa, "Mwambie bawasiri inanisumbua tena." Mpwa, kwa heshima na kwa haya, hamuulizi mjomba wake inasumbuaje. Anatafsiri neno kama lilivyo. Daktari anaandika bawasiri kwa historia ya mgonjwa mwenyewe, na mjomba akiombwa avue nguo mbele ya mtoto wa dada yake anasema leo hapana, apewe dawa tu. Faili limeshapata jina. Daktari wa pili atalisoma la kwanza, wa tatu atalisoma la pili.

Ikitokea siku moja akakubali kupimwa, na daktari akasema ni fistula, mpwa anageuka. "Mjomba, anasema una fistula." Mjomba anamkazia macho. "Fistula? Mimi nimezaa lini?"

Tutacheka, lakini hili ndilo lile balaa nililoliahidi. Kwa miaka mingi Tanzania na Kenya neno fistula limetangazwa redioni na kwenye mabango kwa maana moja tu, fistula ya uzazi, ile inayompata mama aliyekaa na uchungu siku nyingi bila msaada, akapata tundu kati ya uke na kibofu au kati ya uke na puru. Kazi hiyo ya kutangaza ni njema. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imewatibu akina mama wengi waliokuwa wamefichwa vyumbani, na tarehe 23 Mei kila mwaka dunia inawakumbuka. Ila imefanya mwanamume akisikia fistula aone ametukanwa. Kwa ndugu zetu wa Kongo jambo ni zito zaidi. Aliyetoka Kivu akisikia neno hilo anakumbuka Panzi, hospitali ya Bukavu ya daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, na anakumbuka kwa nini wanawake wale walipelekwa pale. Katika miji mingi ya Marekani waliopokelewa kama wakimbizi na wanaozungumza Kiswahili ni Wakongomani. Mwanamume wa Kivu akiambiwa ana fistula anaweza kusikia swali ambalo daktari hakuliuliza.

Na kuna upande wa akina mama wenyewe. Tundu kati ya puru na uke lina namba yake, N82.3, na halitakiwi kabisa kuingizwa kwenye K60.4. Lakini daktari akiwa na haraka akaandika "nasuri ya puru" tu, bila kusema inatokea wapi, mama aliyeumia wakati wa kujifungua au aliyeumizwa vitani anageuka katika faili kuwa mtu aliyewahi kuwa na jipu. Anapelekwa kwa mpasuaji asiye wake. Historia yake inafutwa na tarakimu nne. Kinyume chake pia kipo, mama mwenye nasuri ya kawaida iliyotokana na jipu anapelekwa kwa daktari wa uzazi kwa sababu tu anatoka Afrika na neno ni fistula. Hapo sioni cha kuchekesha.

Jamaa zangu hunijibu kwamba haya yote ni michezo ya kampuni za bima, kwamba maradhi yalitibiwa tangu enzi bila tarakimu, na kwamba mgonjwa haimhusu daktari ameandika nini. La kwanza lina ukweli, na mimi nisiyekuwa na hisa katika bima yoyote sitaitetea. Lakini la mwisho silikubali. Deni linapokuja halimwandami daktari. Na hata panapokosekana bili, namba inafanya kazi yake. Walioko Uingereza hawaoni karatasi ya malipo, lakini hospitali zao nazo zinaandika K60, na orodha yao ya upasuaji inatofautisha nasuri ya chini na ya juu. Mpasuaji atakayekuona miaka mitano baadaye anataka kujua ni ipi iliyofunguliwa kabla hajashika kisu, maana misuli iliyokwisha kukatwa mara moja haina akiba kubwa. Na nyumbani tunaelekea huko huko. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfumo mpya wa SHA Oktoba 2024. Mjomba wa Tanga na wa Kakamega nao watakutana na dirisha linalouliza ugonjwa unaitwaje hasa.

Kwa mwenye maradhi haya leo, nafikiri la kwanza ni kuacha kulitaja jina. Usiende kwa daktari na neno bawasiri. Nenda na maelezo: kuna tundu, au kinundu, upande huu, kinatoa majimaji ya rangi hii, kilianza kama jipu mwezi fulani, kimejifunga na kufunguka mara ngapi. Jina ni kazi yake. Ukiona pia una homa na uvimbe unaouma hata kukaa huwezi, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo, hasa kama una kisukari, kwa sababu hilo ni jipu linalopanda.

La pili, mwache mpwa nyumbani. Hapa Marekani hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Ni haki iliyomo katika kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010. Omba wa Kiswahili, na kama wewe ni wa Kongo sema Kiswahili cha Kongo. Kwa mkalimani wa kwenye simu, asiyekuona na asiyekujua, aibu inapungua nusu. Sema nasuri kama analijua. Kama halijui, sema handaki la usaha.

La tatu ndilo linaloniletea lawama kazini, nami nalisema. Kabla hujavaa viatu, muulize daktari maswali matatu yale yale ambayo faili lake litaulizwa. Iko kwenye mfereji au kwenye puru? Ni nyepesi au tata? Utaandika ni mara ya kwanza, haijapona, au imerudi? Madaktari wengi hawakasiriki. Wengine hushtuka kidogo, hugeukia kompyuta, wakaongeza mstari. Mstari huo mmoja unatuokolea sisi barua ya kuuliza, ambayo wakati mwingine hukaa wiki mbili kwenye meza yake bila jibu huku bili yako ikiwa imesimama.

Na kama barua ya kukataa imeshafika, usiilipe kwa woga na usiitupe kwa hasira. Kwa bima nyingi za hapa una siku 180 tangu uipokee kukata rufaa. Omba nakala ya maelezo ya daktari, ni haki yako. Angalia neno lililoandikwa kwenye ziara ya kwanza. Ukikuta bawasiri pale palipotakiwa nasuri, mwandikie daktari aliyekupasua aongeze maelezo yenye tarehe, akieleza alichokikuta mle ndani, handaki lilianzia wapi na lilitokea wapi. Faili likirudi kwetu na karatasi hiyo, tunaweka msimbo upya na dai linatumwa tena.